Shukrani kwa Kutuletea Takataka

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya,

YAH: SHUKRANI KWA KUTULETEA TAKATAKA

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Sisi wanakijiji wa mteremko huu wa Kilimanjaro tunakushukuru kwa kututoa gizani. Kabla ya ujio wako hatukuwa na takataka. Maganda ya ndizi yalikwenda kwa mbuzi, machicha ya mbege kwa nguruwe. Kiangazi majani yakiadimika, vigogo vya migomba vilikatwakatwa vikawekwa horini, na ng'ombe akavirudisha kihambani vikiwa samadi, chini ya migomba ileile. Aibu tupu! Hapakuwa na tenda, risiti wala afisa wa kusimamia. Wazee wetu waliishi hivyo vizazi na vizazi bila hata semina moja.

Leo tuna ghuba la taka. Umelijenga jirani na shule ya msingi, bila shaka ili watoto wazoee mapema. Siku ya soko, majani ya migomba, maparachichi yaliyopondeka na nyanya zilizooza hutupwa humo pamoja na pampasi, vipande vya chupa na vifungashio vya nailoni, ndugu wa ile mifuko iliyopigwa marufuku Juni 2019. Gari la taka huja likipata dizeli. Lisipopata, maji meusi huchuruzika kutoka ghubani hadi kwenye mfereji ambao walio bonde la chini huchota maji. Nao ni wananchi wako, wasinyimwe huduma.

Ushuru tunalipa. Mama mwenye beseni moja la nyanya hukatiwa risiti ya usafi asubuhi, kabla hajauza hata fungu.

Juzi mama mmoja aliinama kwenye ghuba kuchambua majani ya migomba ya ng'ombe wake. Mgambo akamdaka: kibali cha kuhamisha taka kiko wapi? Mama akaeleza kuwa ni chakula cha mifugo. Akajibiwa kwamba kikishaingia ghubani ni mali ya halmashauri. Tukapiga makofi. Mali ya umma inalindwa, angalau ile iliyooza.

Halafu ukatuletea mtaalamu wa mboji. Alitufundisha kuchomeka kijiti kirefu katikati ya lundo: ukikichomoa baada ya siku chache kikawa cha moto na unyevu, mambo yanakwenda, kikiwa kikavu, nyunyiza maji. Ni elimu safi, na hapa sitanii. Lundo likishika nyuzi joto 55 au zaidi kwa siku kadhaa, mbegu za magugu na vimelea vingi vya magonjwa hufa. Alisahau jambo moja tu: kutuambia pampasi huiva baada ya wiki ngapi.

Bei ya mbolea ya viwandani ilipopaa mwaka 2022, serikali ikaleta ruzuku, nasi tukajiandikisha. Foleni yetu ilipita kando ya ghuba. Tukasimama pale, leso puani, tukisubiri kununua kwenye mifuko sehemu ya rutuba ambayo siku za soko tunalipa ushuru ili ikatupwe.

Ndugu Mkurugenzi, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeikabidhi halmashauri yako jukumu la taka ngumu. Haikuagiza zikorogwe kwanza. Tunaomba uzio wa mabanzi upande wa juu wa soko, uwe wa vitu vinavyooza tu. Nailoni, chupa na pampasi zibaki za gari lako, likipata dizeli. Mwenye ng'ombe au shamba ajichukulie majani bila kibali, na mgambo apangiwe kazi ya kuzuia nailoni isiingie humo.

Mabanzi tumeshachanga na mafundi ni vijana wetu. Posho ya kikao cha kujadili ombi hili ndiyo hatuna. Kinachokosekana ni saini yako, na tunaiomba kabla masika hayajaanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mlipa ushuru wa usafi