Kucha Zimefaulu, Tumbo Limefeli

Jamani, mtu mzima kukaguliwa kucha mbele ya mashemeji ni kitu kibaya. Kwanza unaamkiwa. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu. Halafu nyoosha mikono. Geuza. Geuza tena. Shemeji yangu yupo benchi la pale, ana sahani ya wali maharage, anatafuna taratibu makusudi asipitwe na kitu. Na mimi ni baba wa watu. Nina wajukuu. Nimesimama kama mtoto wa chekechea, mikono mbele, kichwani kofia ya mama watoto yenye maua, maana yangu ilibebwa na kusi na sikuwa na mbio za kuikimbiza.

Nikueleze. Mama watoto ana kigenge hapa Zinga, kando ya barabara ya Bagamoyo, magari ya Makumbusho yanapita yanatupulizia vumbi bure. Chapati, wali, maharage, samaki wa kukaanga, pweza akipatikana. Kigenge ni chake. Mimi kibarua tu. Nachota maji, naosha sahani, nafukuza nzi, nasingiziwa chenji. Mshahara wangu mkia wa samaki. Lakini kwenye kukaguliwa hawaangalii cheo. Ukigusa sahani ya mteja, tayari na wewe ni mhudumu wa chakula, unanyoosha mikono.

Basi kaja huyo kijana na faili. Wa ofisi gani sisemi, bado napenda kuishi. Kijana mstaarabu, hana neno, kachomekea vizuri. Ana fomu yenye viboksi. Ndoo ya maji tiririka? Ipo. Sabuni? Ipo, tena mpya, mama watoto kaichana karatasi tulipomwona anashuka kwenye bodaboda. Aproni? Ipo. Pipa la taka lina mfuniko? Linao, ndiyo maana sufuria ya maharage siku hiyo ilikuwa wazi. Kadi ya kupima afya, mzee?

Hapo nikavimba kidogo. Kadi ninayo. Na niliihangaikia.

Kadi ile huipati mpaka upimwe choo. Kikubwa. Unapewa kikopo na kijiko chake, unakwenda kujitahidi nyumbani, unarudisha. Zamani tulikuwa tunapeleka kwenye kiberiti, na kiberiti mtu unakiweka mfukoni, nani atajua? Kikopo kinaonekana. Nimepanda bodaboda nimekikumbatia kwa mikono miwili, dereva ananichungulia kwenye kioo. "Mzee, asali hiyo?" Nikasema ndiyo, yaishe. Akasema nimuonjeshe tukifika. Njia nzima nawaza namna ya kumnyima asali mtoto wa watu bila kuonekana mchoyo.

Kufika, foleni. Mama lishe wa ukanda mzima wapo. Wananijua. Wanasalimia uso, wanaangalia kikopo. Dada wa maabara akatoka nacho, akakiinua kwenye mwanga, akasoma jina langu lote mpaka la babu yangu, marehemu wa watu hana kosa. "Baba, hiki kidogo. Hakitoshi." Watu wakainamia simu zao. Simu nyingine zilikuwa zimezima. Nikarudi kesho yake na cha kutosha, nikaandikiwa fiti. Miezi sita fiti. Baada ya hapo unarudi na kikopo.

Kijana akaiangalia kadi, tiki. Kucha, tiki. Kofia, tiki, ingawa yale maua aliyatazama sana. Akatupiga picha, mimi na ndoo, mama watoto na sufuria. Akajumlisha. Tumefaulu! Sasa mimi mdomo wangu hauna breki. Nikamuuliza, bosi, hii fomu inakwenda wapi? Inaingia kwenye mfumo, mzee. Mfumo unaifanyia nini? Akanitazama kwa huruma. "Mzee wangu, hii ndiyo kazi yenyewe. Nisipoijaza, mimi sijafanya kazi."

Kumbe na yeye ana wa kumkagua kucha! Watumishi wa serikali wamepimwa miaka mingi kwa OPRAS, ile iliyoingia 2004, mafomu ya kukubaliana malengo na bosi wako halafu mwisho wa mwaka mnatafutana alama. Siku hizi imekuja PEPMIS, ya kwenye kompyuta, mtumishi anaingiza kazi zake kipande kwa kipande. Lengo ni kukagua vigenge kadhaa. Umekagua? Nimekagua, picha hizi hapa. Basi mimi ni sehemu ya mafanikio ya taifa. Kucha zangu zimo kwenye mfumo. Mwaka wa serikali unafungwa Juni 30, na mimi nahisi tu, sina ushahidi, kwamba ikikaribia tarehe hiyo kucha zangu zinakuwa na soko.

Usiku wa siku ile ile tumbo likanikata.

Nilikula nini sisemi. Ninayeishi naye nyumba moja anasoma safu hii. Nimekwenda nje na tochi ya simu, nimerudi, nimekwenda, chaji imekwisha, nimekwenda kwa kupapasa. Mbwa wa jirani alinibwekea mwanzoni, baadaye akanizoea. Asubuhi nimejikokota mpaka duka la dawa kununua Flagyl. Yule binti hata hakuniuliza, kashusha pakiti kabla sijafungua mdomo, kwa sauti: "Ya tumbo tena, babu?" Tena. Na babu. Vyote siku moja.

Sasa tuna mteja mmoja, kijana anayesoma chuo cha uvuvi hapo Mbegani. Anakula kwa mkopo na analipa kwa elimu. Akanikuta nimekunjana kwenye benchi. Nikamwambia naumwa. Akasema, "Baba, wewe huumwi." Siumwi vipi na magoti yananicheza? "Umeandikwa wapi?"

Akanifungulia darasa na chapati mbili. Ningekwenda zahanati, ningeingia kwenye kitabu cha MTUHA, kile cha taarifa za wagonjwa, mstari mmoja, kuhara. Nilikula nini, kwa nani, lini, huenda hakuna ambaye angeuliza. Lakini mimi nimekwenda duka la dawa. Hata ule mstari sina. "Kwenye hesabu za nchi, baba, jana usiku ulilala fofofo."

Hebu fikiria! Kucha zangu zinajulikana serikalini. Choo changu kinajulikana, mpaka ujazo. Siku ninayougua kweli, sipo.

Na siyo mimi peke yangu. Shirika la Afya Duniani lilipiga hesabu 2015, likasema kila mwaka watu milioni 600 duniani wanaugua kwa sababu ya chakula na 420,000 wanakufa. Afrika peke yake milioni 91 wanaugua, 137,000 wanakufa. Kijana anasema hayo ni makadirio. Lazima yawe makadirio, sisi wa duka la dawa nani katuhesabu? Marekani tangu 1996 wana kitu kinaitwa FoodNet, kazi yake kufuatilia majibu ya maabara kwenye baadhi ya majimbo, wajue mwaka huu mdudu gani kawapiga watu wangapi na kama amepungua. Hapo mkaguzi anaweza kujua kama kazi yake imezaa kitu. Wa kwetu anajua amekagua. Kama watu wameacha kuharisha, hiyo ni siri ya watu na vyoo vyao.

Nikamwambia labda sisi hatuwezi. Akacheka. Tunaweza sana, akasema, mnunuzi akiwa mkali. Kati ya 1997 na 1999 Ulaya waliwafungia mlango sangara wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja. Mara bakteria, mara hofu ya kipindupindu, mara 1999 habari za watu kuvua kwa sumu. Viwanda vikalia. Serikali ikakaa sawa. Leo Mwanza, pale Nyegezi, kuna maabara ya taifa ya ubora wa samaki, na sangara wa kwenda nje anapimwa, ana makaratasi, anajulikana katoka mwalo gani. Mzigo ukirudishwa, ni aibu inayohesabika. Changu ninayemnunua mimi sokoni Bagamoyo kipimo chake ni pua ya mama watoto. Anamfunua mashavu, anamnusa, anamtukana muuzaji, basi. Pua nzuri ile, siikatai, imekamata mengi nyumba hii. Lakini ikipata mafua tumekwisha.

Halafu kijana akaharibu kabisa hamu yangu ya kula. Februari 2016, akasema, Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza duniani kujitolea kupimwa kwa kipimo kipya cha Shirika la Afya Duniani, cha kuangalia kama nchi iko tayari kwa milipuko. Alama ni 1 mpaka 5, na usalama wa chakula umo. Ni heshima. Katikati ya mwaka huo huo, Dodoma na Manyara watu wakaanza kuvimba matumbo na macho kuwa ya njano. Sumukuvu kwenye mahindi. Waliougua 68, waliokufa 20. Na kiwango cha Afrika Mashariki kilikuwepo, mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo ya mahindi, kimeandikwa vizuri. Lakini yale yalikuwa mahindi ya mtu mwenyewe, kalima, kahifadhi, kasaga, kapika ugali. Hakuna leseni hapo, hakuna kiwanda, hakuna wa kuvaa kofia. Kiboksi chake kwenye fomu kiko wapi?

Sisi wa pwani tuna kasa. Machi 2024, Kisiwa Panza, Pemba, walikula nyama ya kasa. Watoto 8 na mtu mzima 1 wakafariki, 78 wakalazwa. Mwaka 2021 huko huko Pemba kasa alishaua watu. Kasa hana lebo, hana tarehe ya kuisha muda, na sumu yake haina dawa. Ungeweza kukagua vibanda vyote vya Pemba, kucha zikang'aa, aproni zikapigwa pasi, ripoti ikapata mia kwa mia, na kasa akapita. Mama watoto aliposikia hilo aliacha kugeuza chapati. Ikaungua. Nikapewa mimi.

Kingine, hata hao wa juu wanahama. Nilizoea TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, ya tangu 2003. Desemba 2018 ikasifiwa na Shirika la Afya Duniani, ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya udhibiti. Nikafurahi nikajua tumepona. Kijana akanisahihisha, sifa zile zilikuwa za dawa. Chakula chenyewe, ilipofika Julai 2019, kikachukuliwa kikapelekwa TBS, shirika la viwango, TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba na jina jipya, TMDA. Wenye biashara walikuwa wamelia miaka mingi kwamba wanakaguliwa na ofisi nyingi, na kweli walikuwa wanakaguliwa. Basi siku hizi unasikia kibali kinatoka kwa siku ngapi. Kipimo kizuri kwa mwenye kibali. Mwenye tumbo je?

Nikamuuliza, sasa huko kwa wenzetu wanaonyeshaje? Akasema Denmark tangu 2001 mgahawa unabandika mlangoni matokeo ya ukaguzi, na kikatuni cha uso. Safi, uso unacheka. Ovyo, uso umenuna. Mteja anasoma kabla hajaingia. Nikasema na sisi tubandike. Mama watoto, bila kugeuka, akasema wa kununa tayari anao pale mlangoni, ndiye anayeosha sahani. Shemeji akacheka mpaka maharage yakampalia. Nikampa maji. Kazi yangu ndiyo hiyo.

Basi nikatoa wazo langu, nikaona nimemaliza. Mkaguzi apewe alama kwa wagonjwa wa tumbo kupungua kwenye kata yake! Kijana akatikisa kichwa. "Baba, wakianza kupewa alama wagonjwa wakipungua, wagonjwa hawataandikwa." Akasema tena, mahali wanapoanza kuhesabu vizuri, wagonjwa huwa wanaongezeka kwanza kwenye karatasi, kwa sababu ndiyo wameanza kuonekana, na aliyehesabu ndiye anayefokewa. Nikachoka. Nikamuuliza analipa lini. Akasema ana kipindi, akaondoka.

Kwa hiyo ndugu msomaji, naona wa kuanza ni sisi wenye matumbo. Likikukata, usiwe mjanja wa Flagyl. Nenda zahanati ukaandikwe. Wasipokuuliza umekula nini, waambie wewe, na wakomalie waandike: samaki, ugali, juisi, siku fulani, sehemu fulani. Sema ukweli wote. Ila kama sehemu yenyewe ni kigenge cha hapa Zinga, chenye mzee wa kofia ya maua, nakuomba upitie kwangu kwanza tuongee. Mkia wangu wa leo nitakuachia.