Mkaa wa Mbuzi

Mwenye jiko la kisasa la tembe za mbao, karibu Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau. Ila tafadhali, polepole. Huku miti inalindwa ili hewa ya ukaa iuzwe, nawe unamgeuza mbuzi mzima kuwa mkaa huku kioo cha jiko lako kinaapa nyuzi 110. Mbuzi ana kosa gani?

Itazame ile ncha ya kipimajoto ndani ya jiko. Imejivika koti la mafuta na masizi, joto hailisikii, basi kompyuta ya jiko yadhani kuna baridi na kuzidi kumwaga tembe. Ifute, bwana mkubwa! Kitambaa hakihitaji intaneti. Bado inadanganya? Ichovye kwenye maji yanayochemka, wala usidai 100. Hizo ni za Mombasa. Mji wa Voi, huku kwetu, uko zaidi ya mita 500 juu ya bahari, maji huchemka kwenye 98 hivi. Ikisoma 80, nunua nyingine.

Mchomaji wa Voi hana kioo. Huweka kiganja juu ya makaa, akahesabu kimoyomoyo, akageuza nyama. Mbuzi wake ameshaliwa.