Baiskeli Inayotoa Maziwa

Mwalimu wa kwaya bado hajanisalimia. Jumapili nilimrushia utomvu mweupe kuanzia magotini hadi kwenye tai, mbele ya waumini waliokuwa ndio kwanza wanatoka ibadani, na suti yenyewe ilikuwa nyeusi. Nikatoa leso kumfuta. Utomvu ukasambaa. Nikaongeza maji ya chupa. Ukasambaa vizuri zaidi.

Njia yenyewe ukiisikia utaipenda. Unaanzia Uru, kwenye udongo mwekundu na migomba pande zote mbili, breki zikilia hadi chini. Unapita pembezoni mwa msitu wa Rau, unatokea kwenye mashamba ya mpunga ya Chekereni, kisha unashika barabara ya vumbi kuelekea Kahe. Mlima Kilimanjaro umeupa mgongo, na maji yake yanateremka pamoja nawe, yenyewe yakiwa na safari ya kwenda bwawa la Nyumba ya Mungu na baadaye Pangani. Ni kwa ajili ya njia kama hizi zilibuniwa baiskeli za changarawe: usukani uliopinda kama pembe za beberu, fremu nyepesi, tairi za milimita 40 hivi, na mwendeshaji aliyevaa nguo za kubana zisizomstahi mtu mwenye kitambi.

Karibu na Kahe kuna mtu alikuwa amekata matawi ya mgunga kuzungushia shamba lake, na yaliyobaki akayaacha njiani. Mwiba wa mgunga haubishi hodi. Nikasikia fssss, halafu kimya, halafu fssss tena, kwa mpangilio, kila gurudumu la mbele lilipozunguka. Na kwa kila mzunguko lilirusha mstari mweupe: mmoja kidevuni kwangu, mmoja kifuani, mmoja kwa yeyote aliye jirani. Hapo ndipo milango ya kanisa lililokuwa njiani ilipofunguliwa. Nikafunga breki kwa nguvu zote. Gurudumu likasimama, na katika sehemu zote za duara ambazo tundu lingeweza kusimama, likachagua kumtazama mwalimu wa kwaya.

"Mama, baiskeli inatoa maziwa!" akasema mtoto.

Watu wakatuzunguka. Bibi mmoja mwenye kitenge kipya akaniangalia kwa upole, akauliza, "Mwanangu, kwa siku inakamuliwa mara ngapi?"

Naomba nieleze, maana pale hakuna aliyenipa nafasi. Tairi hizi hazina tyubu. Tairi lenyewe linabana kwenye rimu hadi upepo hautoki, na ndani yake unamimina kikombe kidogo cha utomvu wa mpira, wa jamii ileile unaogemwa kwenye mashamba ya Kihuhwi kule Muheza. Huchanganywa na amonia ili usigande mapema, ndiyo maana pale kanisani palianza kunuka choo. Humo ndani mna chembechembe ndogondogo zinazoogelea. Mwiba ukitoboa, upepo unausukuma utomvu utoke nje. Chembe zinakimbilia tunduni na kukwama, utomvu unaganda juu yake, na kiraka kimejibandika chenyewe kabla hujashuka kwenye kiti. Uzuri wa pili ni huu: tyubu isipokuwepo, hakuna cha kubanwa kati ya jiwe na rimu, kwa hiyo unaweza kuendesha kwa upepo mdogo, psi 30 au 35, na tairi likalalia changarawe badala ya kurukaruka juu yake. Usiku mmoja nilikesha nikitazama tundu likijiziba, nikalitoboa tena kwa sindano ili nilitazame upya. Mke wangu alilala.

Ila kujiziba kuna masharti. Tundu liwe la milimita chache tu. Na utomvu uwe bado majimaji, kwa sababu joto huukausha, na joto la tambarare ya Kahe halina mzaha. Mwiba wangu ulichana. Kilichobaki ndani hakikutosha kuziba, kilitosha kuchafua suti.

Chini ya mwarobaini kulikuwa na fundi baiskeli na karai lake la maji. Akaling'oa tairi upande mmoja, akaingiza mkono, akapapasa, akapapasa tena. Akanitazama kwa huruma.

"Kaka, tyubu yako wameiba."

"Haina tyubu, fundi."

"Ndiyo hivyo. Wameiba."

"Imetengenezwa bila tyubu. Ndivyo ilivyo."

"Nani alikuuzia?"

"Duka moja la mjini."

Akawageukia waliokuwepo. "Mmeona? Mjini wanaibiwa hivihivi, na wanashukuru." Akauliza bei. Nikataja nusu. Akaniambia pole.

Akaleta tyubu ya kawaida, lakini valvu yake ikagoma kuingia. Tundu la rimu yangu limetobolewa kwa valvu nyembamba ya kizungu. Tyubu zinazouzwa kila kibanda kutoka Moshi hadi Same zina valvu nene. Tofauti ni kama milimita mbili. Tangu Dunlop atengeneze tairi lake la upepo mwaka 1887, kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, wahandisi wamepata muda wa kutosha kukubaliana juu ya ukubwa wa tundu moja, na hawajakubaliana. Fundi hakuwasubiri. Alichukua tupa ya duara, akakereza aluminiamu yangu ya gharama huku anapiga mluzi wimbo uleule uliokuwa umeimbwa ibadani, na valvu ikaingia bila ubishi. Mwalimu wa kwaya alisimama kando akisubiri suti ikauke. Ilipokauka ndipo tulipojua kwamba utomvu ukikauka hautoki.

Nikaondoka na tyubu, ndipo nikakutana na yale mawimbi. Kila aliyepita barabara ya vumbi anayajua: vituta vidogo vilivyopangana kukatisha njia, vikipishana kwa makumi ya sentimita, vinavyotingisha meno hadi unasahau ulikuwa unawaza nini. Watu husema yanaletwa na malori mabovu, au mvua, au greda kulala kazini. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha majaribio yao: walitandaza mchanga kwenye meza ya duara inayozunguka, wakaliweka gurudumu dogo juu yake, wakaangalia. Meza ikienda polepole, mchanga unabaki tambarare. Mwendo ukivuka kiwango fulani, kijigongo kidogo kinalirusha gurudumu, likitua linachimba, mchanga uliochimbwa unakuwa kigongo kingine, na baada ya mizunguko kadhaa meza nzima ina mawimbi. Springi si lazima. Aina ya tairi haibadilishi kitu cha maana. Na mawimbi yenyewe husogea taratibu kuelekea kule magari yanakokwenda. Nilifurahi sana kusoma hayo, mpaka nilipoyaelewa.

Maana yake ni kwamba aendaye polepole hatengenezi hata wimbi moja. Wanaoyatengeneza ni wenye kasi, na wao hawayasikii, kwa sababu gari likikimbia linaruka juu ya vichwa vya mawimbi na abiria wanaendelea kusinzia. Anayeingia kila bonde na kupanda kila kigongo ni mwenye baiskeli.

Mengine ya siku hiyo ni madogo. Ramani ya simu ilinipeleka kwenye njia ambayo kumbe ni mfereji wa mpunga. Udongo mweusi wa mbuga uligandamana kwenye magurudumu hadi nikaibeba baiskeli begani. Mbwa wa Chekereni walinisindikiza.

Kurudi Moshi nilipita lami kutokea Himo. Basi la mikoani lilipiga honi nyuma yangu, halikupunguza mwendo, nikashuka ukingoni, na ukingo wenyewe ulikuwa na shimo la kina cha kiganja kati ya lami na udongo. Mimi nilianguka nikiwa na kofia ngumu, glovu na simu ya kupiga nikiumia. Mbele yangu kulikuwa na kijana mwenye madumu ya maziwa kwenye karia, na mama aliyefunga majani ya ng'ombe mapana kuliko baiskeli yenyewe. Wao hushuka ukingoni hivyo asubuhi na jioni, bila kofia, na maziwa yakimwagika hakuna anayewafidia. Mimi naita michezo. Kwao ndio usafiri. Kisha tunaambiwa wanaingilia barabara.

Kwenye ile barabara ya vumbi greda hupita, nakiri. Hupita siku mbili kabla ya mgeni rasmi, mawimbi yanafutwa, mgeni anafika kwa mwendo wa kasi akiwa na msafara wa kasi, na kwa sheria ileile ya meza ya mchanga, barabara inaanza kuharibika kabla hajamaliza hotuba. Mgeni rasmi ajaye aje kwa baiskeli. Atakuwa amechelewa, atakuwa na vumbi, na hotuba itakuwa fupi. Lakini kwa mara ya kwanza atakuwa na la kusema kuhusu barabara.