Maji ya Kioo Yasipotoka

Pampu ya maji ya kioo ni kidude cha plastiki chenye ukubwa wa betri nene ya redio. Ndani yake mna mota ya volti 12 inayozungusha kifeni kidogo kuliko kizibo cha soda, na kifeni hicho huyasukuma maji kutoka kwenye tangi, yapite kwenye mpira mwembamba, yatokee kwenye vitundu vilivyo karibu na kioo cha mbele. Kazi yake kwa siku haifiki dakika moja. Ndiyo maana hakuna anayeikumbuka hadi inapogoma, na katika gari la umri mkubwa, tuseme Prado ya mwaka 1998 iliyoshushwa bandarini Dar es Salaam ikiwa imekwisha kumaliza ujana wake Japani, siku ya kugoma haikosi kufika.

Siku yenyewe huwa ya matope mepesi. Kimvua kimenyesha, hakikutosha kuosha kitu, na lori limetangulia kwenye mchepuko wa barabara inayojengwa. Kioo kinageuka rangi ya ugoro. Dereva anavuta swichi. Waipa zinaitika, maji hayaji. Waipa kavu hazifuti tope, hulipaka, tena kwa haki, kulia na kushoto bila upendeleo, mpaka dereva anabaki akichungulia kwenye upenyo wa ukubwa wa kisahani cha kahawa. Anavuta mara ya pili, ya tatu. Ya nne huvutwa kwa hasira, kana kwamba swichi ina masikio. Tiba ya dharura ni chupa ya maji ya kunywa: abiria wa mbele anatoa mkono dirishani na kumimina, upepo unayarudisha yote kwenye shati lake.

Gari likifika gereji chini ya mwembe, hukumu hutangulia uchunguzi.

“Bosi, hapo pampu imekufa,” fundi anasema, boneti ikiwa bado imefungwa.

“Umejuaje, fundi?”

“Hizi Prado ndiyo ugonjwa wake.”

Kauli hiyo ni ya kusikilizwa kwa heshima kisha kuwekwa kando. Pampu ni ya mwisho kustahili lawama. Balaa lake ni kwamba ndiyo pekee inayouzwa dukani.

Wa kwanza kuulizwa ni maji yenyewe. Tangi limefichwa ndani ya bodi, huonekana shingo tu na kifuniko chenye mchoro wa maji yanayorukia kioo, kwa hiyo kulichungulia hakusaidii sana. Limiminiwe maji, lijulikane kama lilikuwa na njaa. Kama yanayomiminwa yanatokea chini ya gari kwa kasi ileile, tangi limepasuka na kesi imekwisha. Hapa pana mtego mwingine. Kopo la maji ya rejeta nalo limo humo humo chini ya boneti, lina kifuniko chake na shingo yake. Kijana wa kuosha magari aliyetumwa kujaza maji ya kioo anaweza kurudi na ndoo tupu na dhamiri safi, huku tangi likiwa kavu bado na rejeta imekunywa sabuni.

Tangi likiwa limejaa, kinachofuata ni sikio. Funguo iwashwe bila kupiga stata, mtu mmoja akae ndani avute swichi, mwingine ainame karibu na tairi la mbele asikilize. Pampu nzima hulia “nzii”, mlio wa mbu mwenye kifua. Kinachovuruga zoezi hili ni waipa, ambazo huamka pamoja na pampu na kumpiga mkono aliyeegemea kioo, na watazamaji, ambao kila mmoja ana habari za gari la shemeji yake. Wakinyamaza, jibu hupatikana kwa sekunde mbili.

Mlio ukisikika na maji yasitoke, pampu haina kosa, au walau haina kosa la umeme. Njia ndiyo imeziba au imekatika. Dar es Salaam, mtuhumiwa mkuu ni maji ya kisima: yana chumvi, nayo yakikauka kwenye vitundu huacha ukoko mweupe. Anayeongeza sabuni ya unga ili kioo king’ae hupata uji, na uji haupiti kwenye tundu la ukubwa wa pini. Sindano ya kushonea huzibua. Kisha ufuatwe mpira kuanzia kwenye tangi hadi bawaba za boneti, mahali ambapo kila kufungua na kufunga huukunja, na ambapo panya wa gereji hupenda kuonja. Mpira wa kioo cha nyuma una safari ndefu zaidi, urefu wa gari zima, na huchoka pale unapoingia mlangoni. Ukichomoka huko, maji hayatoki nje, hutoka ndani. Mtoto aliyelala kiti cha nyuma ataamka akiuliza kama mvua imeanza.

Kimya kabisa ni habari nyingine. Fyuzi iangaliwe kwanza, ingawa kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani na mwenye gari amekuwa akikitazama picha tu tangu alinunue. Fyuzi ikiwa nzima, soketi ichomolewe kwenye pampu na testa iingizwe, swichi ikivutwa. Taa ya testa isipowaka, lawama zihamie kwenye waya, kwenye ardhi ya umeme au kwenye swichi yenyewe. Ikiwaka, na pampu imenyamaza, basi fundi wa chini ya mwembe alikuwa sahihi tangu mwanzo, na hatasahau kulisema hilo. Magari mengi ya aina hii yana pampu mbili kwenye tangi moja, ya mbele na ya nyuma. Waya zikifika, soketi zibadilishwe kwa muda. Wengine huigonga kwa mpini wa bisibisi, na mara nyingine inaamka kweli. Inaamka ili ife mbali na mji.

Kuitoa ndiko kunakotesa. Tairi linageuzwa, au linatolewa kabisa, ili kuifikia plastiki ya ndani ya fenda. Plastiki hiyo imeshikwa na vifungo ambavyo vilikuwa laini mwaka 1998. Leo vinakatika kama biskuti, na baada ya cha tatu fundi huacha kuomba radhi. Pampu haina skrubu. Imechomekwa tu kwenye raba chini ya tangi, na huvutwa kwa mkono. Tangi lililojazwa kwa ajili ya majaribio lilipaswa kumwagwa kwanza. Jambo hili hukumbukwa pampu ikiwa tayari mkononi, mkono ukiwa juu, maji yakishuka kwenye mkono wa shati, yanapita kwapani na kusimama kiunoni kwenye mkanda.

Dukani, pampu ya zamani iende kama shahidi. Muuza spea atatoa ya Corolla na kusema inaingia. Itazamwe soketi, unene wa shingo na idadi ya midomo. Yenye midomo miwili huelekeza maji mbele au nyuma kulingana na upande inaozunguka, kwa hiyo haichukui nafasi ya yenye mdomo mmoja. Kwenye betri ya dukani iguswe sekunde moja tu, maana haifai kuzunguka kavu; na waya zikigeuzwa itazunguka kinyume, italia vizuri na kutema mate.

Kuirudisha ni rahisi kiasi cha kuudhi. Raba mpya inalowanishwa, pampu inasukumwa hadi ikae, soketi na mpira vinarudi, maji kidogo yanatiwa ili kuona kama panavuja kabla plastiki haijafungwa kwa vifungo viwili vilivyosalia na waya wa kufungia uzio. Vitundu huelekezwa kwa pini mpaka maji yapige katikati ya kioo. Vikiachwa vikitazama juu, maji huruka paa na kumwogesha wa bodaboda aliye nyuma, ambaye atalifuata gari hadi kwenye taa nyekundu ili ashukuru.

Maji yakishatoka, waipa zikipita, kioo hujaa michirizi. Wiki nzima ya kufuta tope kavu imezila raba za waipa. Zinauzwa duka lile lile la pampu, na limeshafungwa.