Kushika Fimbo Nganda Nzima Ikitazama

Katika mchezo wa biyari, mkono unaoharibu mambo ni wa nyuma. Wa mbele umelazwa mezani, vidole vimetandazwa, na kazi yake ni kuibeba fimbo tu. Kila mtu anauona. Wa nyuma umejificha karibu na kiuno, na hofu ikiingia nganda, yaani baa, huanzia huko. Fimbo ya kawaida ina urefu wa sentimita 147 hivi na uzito wa kati ya gramu 500 na 600, yaani ni nyepesi kuliko chupa ya bia iliyojaa. Kitu cha uzito huo hakihitaji ngumi. Habari hii mchezaji wa Masereka, mashariki mwa Kongo, huisahau mara tu mpira namba 8 unapobaki peke yake mezani.

Mahali pa kushika hutafutwa hivi: fimbo huwekwa juu ya kidole kimoja mpaka itulie bila kuinamia upande, kisha mkono hurudishwa nyuma kiasi cha shibiri. Mwenye mikono mirefu hurudi zaidi. Lakini kipimo cha kuaminika ni kigasha: ncha inapogusa mpira mweupe, kigasha kiwe kinaning'inia wima kutoka kwenye kiwiko. Fimbo hulala juu ya vidole viwili au vitatu, kidole gumba kikiizuia isianguke, na vidole vya mwisho hufunguka vyenyewe inaporudi nyuma. Anayeibana kwa kiganja kizima hukiinua kitako chake bila kujua, ncha ikadidimia chini ya mpira. Mpira mweupe huruka, huvuka ukingo wa meza, na huokotwa chini ya benchi la wazee, ambao huurudisha pamoja na ushauri.

Chanzo cha presha kinajulikana: anayeshindwa hulipa. Hulipa mchezo, na mara nyingi hulipa chupa pia. Mtu akianza kuhesabu franka zilizomo mfukoni, misuli ya kigasha hukazana yote kwa pamoja, kifundo cha mkono kinakuwa kigumu, na fimbo huenda mshazari. Hasara yake inapimika. Mpira mweupe ukikosea njia kwa digrii 1 tu, baada ya mita 1 na nusu umeshapotoka sentimita 2.6, karibu nusu ya upana wake. Watazamaji husema, "Papa, ilikuwa karibu." Ni kweli, na haipunguzi deni.

Watazamaji wenyewe wamewahi kuchunguzwa. Mwaka 1982, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwachungulia wanafunzi waliokuwa wakicheza biyari. Waliojua kucheza walifaulu mara 71 kati ya 100 walipodhani hakuna anayewaangalia. Watu 4 waliposogea kutazama, walipanda hadi 80. Wasiojua walikuwa kwenye 36, wakashuka hadi 25. Nganda ya Butembo yenye watazamaji 4 tu haijafunguliwa bado, na wanaonyamaza wangehitaji kuagizwa kutoka mbali. Miaka miwili baadaye, mwanasaikolojia Roy Baumeister alieleza balaa lenyewe: chini ya shinikizo, mtu huanza kukisimamia kitendo ambacho mwili wake ulikuwa unakifanya bila kusimamiwa, na hapo ndipo kinapoharibika. Kwa hiyo anayepiga kelele "Legeza mkono!" wakati mwenzake amekwisha kuinama anatoa ushauri sahihi na wa kuangamiza. Upande wa Butembo na Beni kuna tatizo la ziada. Majina ya wanaume wa Kinande, wenyeji wa huko, hufuata mpangilio wa kuzaliwa: Mumbere ni wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Mtu akiita "Kambale, legeza mkono!" hugeuka robo ya chumba, akiwemo yule ambaye fimbo yake iko njiani.

Masereka iko kwenye vilima vya Lubero, penye baridi na viazi, na vyote viwili huingia mchezoni. Vidole vilivyoganda havijui vimebana kiasi gani, ndiyo maana mwenye busara huviweka makwapani mpaka zamu yake ifike. Viazi vina madhara zaidi. Aliyeshinda shambani huishika fimbo kama jembe, akikaza ngumi wakati ule ule wa kugonga. Jembe hudai hivyo kwa sababu udongo hupinga. Mpira mweupe haupingi, huenda tu, na mara nyingi huingia shimoni nyuma ya namba 8, jambo ambalo humaliza mchezo kwa namna isiyotarajiwa na aliyepiga.

Mambo yote yanayohitaji akili huamuliwa mtu akiwa amesimama: shimo lipi, nguvu kiasi gani, mpira mweupe ubaki wapi. Akishainama haamui tena. Fimbo hupitishwa mara mbili au tatu, pumzi hutolewa, jicho la mwisho hubaki kwenye mpira unaolengwa. Chaki hupakwa mara moja. Kuipaka mara ya tano hakuongezi kitu, ingawa hurefusha maisha. Ile ngozi ya nchani inayopakwa chaki inasifiwa kuwa kazi ya askari Mfaransa, François Mingaud, mwanzoni mwa karne ya 19, na inasimuliwa kwamba aliibuni akiwa kifungoni, mahali pa kufaa kabisa, kwa kuwa hapakuwa na wa kumshauri. Fimbo nayo huviringishwa mezani kabla ya mchezo ili ionekane kama imepinda. Wengi hugundua kupinda huko baada ya kukosa.

Ngozi na mpira hugusana kwa elfu moja au mbili ya sekunde. Yanayofuata, kupinda nyonga, kuinua mguu, kuunong'oneza mpira, hayaubadilishi mwendo wake hata kidogo. Linalotakiwa ni ncha ibaki chini na vidole vibaki vimelegea mpaka mpira mweupe uwe umekwenda zake. Anayeinuka mapema hugonga taa. Anayepinda kiuno ili kuusaidia mpira uingie huangusha chupa ya jirani, na chupa hiyo huongezwa kwenye hesabu ya aliyeshindwa.