Sanduku la Wimbo

Kule Nyamasaria, mto unapokaribia ziwa na kupotelea kwenye mafunjo, palikuwa na ufalme wa wanyama, na humo aliishi Dani Kobe, nyanya wa wote, ambaye kila mvua ilipochelewa aliimba wimbo wa kuiomba. Kila alipotua kuvuta pumzi vyura waliitikia, na watoto wao walijifunza kuitikia kwa kukaa ubavuni mwake tu.

Siku moja Korongo akarejea kutoka ng'ambo. Akasimulia kwamba mwaka 2003, huko Paris, mataifa yaliwekeana mkataba wa kulinda urithi usioshikika, yaani nyimbo, matambiko na ufundi wa mikono. Kwamba Kenya iliuridhia mwaka 2007. Na kwamba mwaka 2019, mkutanoni Bogotá, matambiko ya jabali la Kit Mikayi, hapo jirani Seme, yaliingizwa katika orodha ya urithi unaohitaji kunusuriwa kwa haraka.

Mfalme Kiboko akajawa na furaha. Karani Kunguru akaitwa aandike maneno ya wimbo wa mvua, likachongwa sanduku la mvule, likatiwa kufuli, na mamba wawili wakawekwa zamu. Ikafanywa karamu, hotuba zikafuatana hadi usiku wa manane, kisha ikatoka amri kwamba wimbo usiimbwe bila kibali, usije ukaharibika. Dani Kobe alipoomba kivuli cha kufundishia watoto wa vyura, aliambiwa fungu limeishia kwenye karamu. Akarudi zake kichakani, na kizazi kizima cha vyura kikakua bila kumsikia.

Ukame ulipoingia, sanduku likafunguliwa mbele ya umati. Kunguru akasoma maneno yote, asiache hata herufi. Lakini ile mituo hakuwa ameiandika, na hakuna chura kijana aliyejua mahali pa kuitikia. Mfalme akawakaripia mamba, akidhani wameiba kipande.

Ndipo Korongo alipoufungua tena ule mkataba, akawaeleza kifungu cha 15, ambacho baraza halikukifikia: kwamba jamii zinazouunda urithi, kuutunza na kuurithisha zishirikishwe kwa upana, hata katika kuusimamia. Kiboko aliupenda mkataba, ila hakuusoma hadi mwisho.

Dani Kobe yu hai, na wimbo wote anao kichwani. Enyi wenye mabaraza, mpeni kivuli chake msimu huu huu.