Pasi ya Shemeji

Nyumbani kwetu Biryogo, Kigali, siku ya Ijumaa kuna foleni mbili: ya bafu na ya pasi. Wanaume wote wanataka kuwahi hotuba msikitini Al-Fatah, kila mmoja na kanzu yake mkononi, na sebuleni soketi iliyo nzima ni moja tu. Soketi hiyo inabeba ekstensheni, na ekstensheni inabeba friji, chaja za simu za ukoo mzima, printa, pamoja na mashini yangu, kompyuta ya mezani. UPS tunayo. Betri yake ilikufa zamani, siku hizi kazi yake ni kuzuia mlango wa stoo usijifunge.

Mashini hiyo ndiyo riziki yangu. Imekaa dirishani, nami nawahudumia watu barazani: napiga chapa barua, natoa fotokopi, nawajazia wasioweza maombi yao ya Irembo, tovuti ya huduma za serikali, na ukifika msimu wa harusi natengeneza kadi. Na Biryogo harusi haziishi. Tena tangu mwaka 2021, barabara zetu kadhaa zilipofungiwa magari, zikapakwa rangi na kujaa meza za chai na mishikaki, watu wanapita kwa miguu na kusoma vibao. Zamani waliokuwa wakinyoosha shingo huku ni wanaotafuta vipuri vya Toyota, na hao hawana haja ya fotokopi.

Ndani ya mashini kuna Linux ya Ubuntu, toleo la 22.04, lililotoka Aprili 2022 kama namba zake zinavyosema. Watu hudhani nimeichagua kwa ujuzi. Nimeichagua kwa ajili ya flashi. Flashi ya mteja wa Kigali huwa imeshapita kila duka la fotokopi la mji na kuokota virusi vya kila pahali, na virusi hivyo karibu vyote vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Vikifika kwangu huonekana kama vifaili vyenye majina ya ajabuajabu, navifuta, mteja ananiombea dua. Kwa hilo tu mimi na Ubuntu tunaelewana, na masasisho yake nayapokea kila Ijumaa asubuhi kabla wateja hawajaanza kuja.

Ijumaa hiyo sasisho lilikuwa kubwa, lina kerneli mpya ndani yake. Kerneli ndicho kile kiini kinachounganisha programu na vyuma: diski, kibodi, skrini, kumbukumbu. Mstari wa maendeleo ulikuwa umekaribia mwisho, nami niko jikoni nageuza chapati, shemeji yangu alipotokea na pasi. Akaitazama ekstensheni, akatikisa kichwa. Shemeji ni mtu wa tahadhari. Anajua kwamba pasi inakula umeme mwingi na kwamba ekstensheni ya bei rahisi huyeyuka. Basi kwa tahadhari hiyohiyo akaing'oa ekstensheni yote ukutani, akachomeka pasi, akaanza kunyoosha upande wa mbele wa kanzu.

Nilisikia friji ikinyamaza. Nikajua.

Tulipoirudishia umeme, mashini iliwaka vizuri, feni ikavuma, nembo ya kiwandani ikatokea, kisha skrini ikajaa maandishi meupe juu ya weusi, marefu, yenye namba na mabano, yakagota. Kibodi yangu ni ya zamani, ya plagi ya duara. Taa zake zikaanza kuwaka na kuzima kwa pamoja, bila kuchoka. Nikabonyeza hiki na kile. Taa ziliendelea kupepesa.

Nyumba yetu likitokea jambo, kwanza anatafutwa mkosaji. Kosa lenyewe litafutwe baadaye, ikipatikana nafasi. Sufuria ikiungua, friji ikiachwa wazi, swali ni lile moja, na mwenye haki ya kuliuliza ni mama mkwe wangu. Alikuja na tasbihi yake, akakaa kwenye kochi, akauliza: "Nani wa mwisho kuigusa?"

Shemeji akasema hakuigusa mashini, aligusa ukuta. Mume wangu, ambaye ana duka la vipuri na hivyo hujiona msemaji wa vyuma vyote, akamtetea mdogo wake: kuhusu ekstensheni kijana yuko sahihi kabisa, ingeungua na nyumba ingeungua nayo. Mimi nikasema angeniambia kwanza niizime mashini mwenyewe, taratibu. Binti yetu akasema yeye hayumo. Hakuna aliyekuwa amemtaja.

Mume wangu akatoka na kurudi na fundi wa magari kutoka gereji ya mtaa wa nyuma, mikono imejaa grisi, akanyimwa ruhusa ya kugusa chochote cheupe. Fundi akainama, akaweka sikio kwenye kasha, akasikiliza kwa utulivu ambao nilianza kuuheshimu. "Mama, injini inawaka," akasema. "Gia ndiyo haiingii." Akanywa chai, akala chapati mbili, akaenda zake. Nasema kwa haki: kati ya yote yaliyosemwa asubuhi ile, lake ndilo lililokaribia ukweli.

Na skrini muda wote huo ilikuwa imeandika tatizo lake, tena wazi. Ila iliandika kwa Kiingereza. Mama mkwe ni wa Kiswahili na Kinyarwanda; mimi na mume wangu tulisomeshwa kwa Kifaransa; watoto wamekuta shule zimehamia Kiingereza baada ya uamuzi wa serikali wa mwaka 2008. Kwa hiyo chombo chochote kikisema Kiingereza, wote tunamgeukia binti. Akasoma, midomo ikicheza: inasema imeshindwa kufungua sehemu kuu ya diski, haijui iko wapi.

"Basi si imesema diski?" mama mkwe akadakia. "Mbona mnamkalia kijana wa watu na pasi yake?"

Shemeji, akiwa ameachiliwa huru, alikwenda msikitini na kanzu iliyonyooka mbele na kukunjamana mgongoni.

Kijana wetu mkubwa alirudi baada ya swala. Huyu alisoma shule ya msingi enzi za vile vilaptopu vyeupe na kijani vya mpango wa One Laptop per Child, ulioanza hapa Rwanda mwaka 2008 na kugawa mashini zaidi ya laki mbili. Zilikuwa zikiendeshwa na Linux ya Fedora, yenye sura ya kitoto iliyoitwa Sugar, na ndani yake kulikuwa na dirisha la amri ambalo watoto watundu walilifumbua kabla ya walimu. Kijana hakuuliza nani. Aliuliza: "Imeandika nini?" Nikamtazama baba yake, baba yake akatazama dari.

Alizima, akawasha, akashikilia kitufe cha Shift. Kwenye mashini mpya huwa ni Esc. Hii yetu ni ya kale. Ikatokea menyu ambayo sijapata kuiona maana siku zote imejificha: hiyo ni GRUB, bawabu anayeamua kerneli ipi iamshwe. Kijana akaingia kwenye chaguo za ziada, na humo kerneli ya zamani ilikuwapo, ile iliyofanya kazi hadi jana yake. Nikauliza kwa nini haikufutwa. Akasema Ubuntu ikiweka mpya haiitupi ile ya kabla yake, kwa ajili ya siku kama hii. Akaichagua. Mashini ikaamka, na picha ya Kaaba niliyoiweka kwenye skrini ikatokea. Mama mkwe akasema alhamdulillahi.

Kilichotokea ni hiki. Kerneli haiwezi kuisoma diski yako mara tu inapoamka. Mara nyingi inahitaji kwanza faili dogo liitwalo initrd, lenye viendeshi vya kuanzia. Faili hilo hutengenezwa upya mwishoni mwa sasisho. Letu lilikuwa limeandikwa nusu tu, pasi ilipoingia. Kerneli mpya ikaamka, ikatafuta viendeshi, ikakosa, ikaganda. Diski yenyewe haikuwa na ila yoyote, na kadi zote za harusi zilikuwa humo salama.

Kijana akafungua dirisha la amri na kuandika sudo dpkg --configure -a, yaani kumalizia kila kifurushi kilichoachwa njiani. Mistari ikaanza kukimbia. Mama mkwe akasogeza kochi. "Hapo inafanya nini?" "Inamaliza ilichoanza, Bibi." "Ingekuwa na sisi tunaweza kuandikiwa hivyo," akasema, akimtazama mume wangu, ambaye ana choo cha nje kinachongoja paa.

Mashini ilipowashwa upya kwa kerneli mpya, ikapanda bila tatizo, ila Wi-Fi haikuwapo. Kijidude chetu cha USB kina kiendeshi kinachobidi kujengwa upya kwa kila kerneli. Kijana akachomeka simu yake kwa waya, akaazima intaneti ya humo, akakijenga. Hilo halikutuchelewesha.

Kilichotuchelewesha ni printa. Nilibonyeza nichape kadi, kimya. Nikabonyeza tena. Binti naye alikuwa na kazi ya shule, akabonyeza. Mume wangu alikuwa na orodha ya bei za vipuri, akabonyeza kwa nguvu, kana kwamba nguvu zinasafiri kwenye waya. Barazani kijana mmoja mteja alikuwa akingoja barua yake ya kuomba kazi tangu asubuhi, nami kwa kumwonea huruma nikaituma mara kadhaa. CUPS, programu inayosimamia uchapaji, kazi ikikwama yaweza kuisimamisha printa na kuiacha imesimama mpaka mtu aiambie iendelee. Kazi zinazotumwa hazipotei. Zinakaa kwenye foleni, kwa adabu.

Nikajaza trei kadi za waridi zenye maua ya dhahabu pembeni, kadi nzito ambazo mama wa bibi harusi alizilipia kabla. Wakati huohuo kijana wetu alikuwa ameigundua printa iliyosimamishwa na kuiruhusu.

Ikatoa yote. Kwanza orodha ya pampu za maji na plagi, juu ya waridi. Kisha mchoro wa moyo wa mwanadamu, ukiwa na mishale, katikati ya maua. Kisha barua ya kuomba kazi, na tena, na tena. Tukavuta waya, na katika kuvuta waya tukavuta ule wa friji.

Mama wa bibi harusi aliingia akiwa amefunga kilemba, akaokota moja sakafuni, akasoma: Mheshimiwa Mkurugenzi. Akanitazama. Yule mteja alikuwa ameshachukua yake, ameigeuzageuza kwenye mwanga, na akakataa katakata nimtolee nyingine kwenye karatasi ya kawaida. Alisema hiyo itasomwa.

Shemeji ndiye aliyepanda pikipiki kwenda madukani Quartier Matheus kutafuta kadi nyingine, kwa pesa zake, kofia ya darizi mfukoni na helmeti kichwani. Za waridi hazikuwapo. Alirudi wakati wa Magharibi na za samawati, na bibi harusi akasema hizo ndizo alizozitaka tangu mwanzo, mama yake tu ndiye aliyekataa.